Saini ya Bi Hapana

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wengi ambao familia haiwafahamu kwa sura lakini sasa inajua mmekuja kwa sababu gani, karibuni mketi, viti vya nyuma bado vipo, mtupe masikio yenu tuseme habari za huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2019. Anayesoma ni mdogo wake wa pekee, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya suti, na ambaye anajua fika kwamba marehemu angeishika karatasi hii, angevuta kalamu nyekundu, na angekata nusu yake kabla chai haijapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba aliyekuwa mpaka rangi na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Inasimuliwa nyumbani kwamba neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa hapana, alilitamka akiwa na miezi kumi, akisukuma kijiko cha uji, na baba alicheka akasema huyu hatadanganywa na mtu. Baba alikosea, kama mtakavyosikia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1970 hadi 1973, na kisha chuo cha upigaji taipu kwa miaka miwili. Huko sekondari mwalimu wa lugha alizoea kumpa insha za wenzake azisahihishe, na wenzake walimchukia kwa hilo, mpaka mwalimu mwenyewe akamwita pembeni na kumwomba alegeze mkono, awasifu kidogo hata pasipo na cha kusifu, na yeye, msichana wa miaka kumi na sita mwenye soksi zilizotiwa viraka na mama yake, alijibu kwamba kumsifu mtu kwa kitu asichonacho ni kumwibia nafasi ya kukitafuta. Aliadhibiwa kwa jibu hilo, akafagia uwanja wiki nzima, na hakulifuta.

Baada ya miaka michache katika ofisi ya bima, ambayo yeye mwenyewe aliiita miaka ya kupiga taipu ajali za wengine, aliajiriwa Jumatatu, tarehe 5 Februari 1979, na kampuni ya kuchapisha riwaya za mapenzi, vile vitabu vidogo vya mfukoni vyenye mwanamume na mwanamke wasiotazamana juu ya jalada, ambavyo wengi wenu hapa mlivisoma mkivificha ndani ya kitabu cha jiografia. Kampuni ilikuwa na vyumba vinne juu ya duka la vitasa na bawaba, na mwenye mali alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Gundi, kwa kuwa vitabu vya mwanzo alivibandika kwa mikono yake, na kucha zake hazikutakata mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1984 mzee huyo alimkuta mpiga taipu wake ameandika pembeni mwa mswada kwamba huyu bwana amevua koti mara mbili na hakuna mahali alipolivaa tena, akamtoa kwenye mashine siku hiyohiyo, akampa kazi ya kusoma miswada, na huko ndiko alikokaa, kwanza msomaji, kisha mhariri, mwishowe mhariri mkuu, miaka ishirini na tisa.

Miswada ilikuja kwa magunia, ndugu waombolezaji, na katika kila mia ilichapishwa miwili au mitatu. Wachapishaji wengine hurudisha karatasi kimya kimya, au huziacha ziliwe na mende, lakini marehemu alijiwekea utaratibu ambao hakuna aliyemwagiza, kwamba kila anayekataliwa ataandikiwa barua ya ukurasa mmoja kwa mkono, si kwa taipu, ikianza na neno hapana, ikifuatiwa na sababu, na kumalizikia kwa saini yake kamili. Alisema hapana bila sababu ni tusi, na hapana yenye sababu ni heshima. Aidha, alikuwa na madaftari matatu makubwa yenye jalada gumu, ambamo aliandika jina la kila aliyekataliwa, anwani yake, jina la hadithi, kosa lake, na mwishoni mstari mmoja wa siri, kile ambacho mtu huyo alikuwa anakitamani hasa, mathalani, huyu anamwandikia mume aliyemwacha, au huyu anataka mama yake amwone, au huyu ana sikio zuri, asubiriwe. Ofisini walimpa jina la Bi Hapana, naye aliliitika bila kinyongo.

Mpishi mmoja wa bweni la shule alipata hapana nne kutoka kwake katika miaka sita, akazibandika zote ukutani juu ya jiko, akazifuata sababu moja baada ya nyingine, na mara ya tano alipata barua iliyoanza na ndiyo, kitabu chake kikarudiwa kuchapwa mara tatu, na siku hiyo Bi Hapana alikuja nyumbani kwa mdogo wake akaketi kwenye meza ya kukatia vitambaa akalia kwa furaha. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani ya saini yake, na familia inaomba mlishike neno hili, kwamba marehemu hakuwa na shamba, wala nyumba ya kupangisha, alichokuwa nacho ni kwamba mtu akiona jina lake chini ya karatasi, aliamini kilichoandikwa juu yake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na fundi wa mitambo ya kuchapa wa kampuni hiyohiyo, kijana mpole aliyeitwa Wino, ambaye hakuthubutu kusema naye uso kwa uso na kwa hiyo alimwandikia barua ya mapenzi, akaisukuma chini ya mlango wa chumba cha taipu, na siku ya pili yake akarudishiwa ikiwa na makosa matatu yaliyozungushiwa duara, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, neno ndiyo. Wino aliitunza barua hiyo kwenye pochi yake hadi alipofariki kwa ajali ya mtambo tarehe 2 Mei 2004, na wote waliomjua wanakumbuka kwamba alipenda kuwatambia wenzake kuwa yeye ndiye mswada pekee uliokubaliwa mara ya kwanza. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1985, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu na yuko hapa mbele yenu.

Sasa tunafika mahali ambapo fundi huyu angetamani kukunja karatasi, lakini marehemu hakupenda hadithi inayoruka sura. Mzee Gundi alifariki mwaka 2009, na kampuni ikashikwa na mwanawe, tuliyemwita Bosi Mdogo, kijana aliyesoma, mwenye salamu nzuri, ambaye alikuta riwaya za mapenzi haziuziki tena kama zamani, kwa kuwa watu wamehamia kwenye simu, akakata shauri kwamba ikiwa wasomaji hawanunui, basi waandishi watanunua. Akafungua tawi pale chini, duka la bawaba lilipohama, akatundika bango la kioo lenye taa, tawi la kumchapishia yeyote chochote, alimradi agharamie mwenyewe. Hakuna ubaya mtu kujichapishia kitabu chake akijua anachokifanya, na marehemu mwenyewe alisema hivyo. Ubaya ni jinsi walivyopatikana hao wa kugharamia.

Mwezi Machi 2013 Bosi Mdogo alipanda hadi chumbani kwake, akamwambia kwamba anataka kuwatazama upya wale wote waliokataliwa, asije akawa ameachwa mtu mwenye kipaji, na je, madaftari yale bado yapo. Marehemu alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote. Aliyashusha mwenyewe, kwa safari mbili, ameyafunga kwa gazeti yasichafuke, na jioni akamsimulia mdogo wake kwamba kumbe mtoto amemfuata baba. Wiki ileile akaombwa atie saini kwenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ya kutengenezea muhuri, ili barua za kuwaalika hao waandishi zisimchoshe mkono, akatia mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilipinda na ya pili wino ulikolea, akachagua iliyo nzuri kuliko zote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi cherehani anaijua nguo, lakini hilo hakuliona, wala dada yake hakuliona. Ijumaa, tarehe 28 Juni 2013, alistaafishwa kabla ya wakati wake, akapewa saa ya ukutani, akapigiwa makofi.

Jumatatu, tarehe 14 Septemba 2015, saa tisa alasiri, mkunga mmoja mstaafu alibisha hodi nyumbani kwa marehemu, amevaa nguo zake za kutokea, ameshika kitabu kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alikuwa mmoja wa wale wa daftari la pili, alikataliwa mwaka 2006, na pamoja na kitabu alileta barua, iliyopigwa chapa, ambayo ilianza kwa maneno, mpendwa mwandishi, nilipokuambia hapana nilikosea, na ikaendelea kumwambia kwamba hadithi yako imenikosesha usingizi miaka yote hii, na kwamba marehemu mama yako angejivunia. Chini yake ilikuwapo ile saini nzuri kuliko zote. Maneno ya mama yalitoka kwenye ule mstari wa siri, ndugu waombolezaji, yalichukuliwa mle, yakageuzwa chambo, na mama wa watu akavishwa kilemba cha ukoka, akatoa kiinua mgongo chake chote, akapelekewa maboksi ya vitabu ambayo hakuna duka lililoyapokea, akayapanga sebuleni, akayatandika kitambaa, sasa anayatumia kama meza.

Hakuja kulalamika. Alikuja kushukuru.

"Dada," alisema, "mimi siku zote nilijua ulikosea, lakini si kila mtu ana moyo wa kukiri."

Marehemu alifungua kitabu, akasoma kurasa chache, akaona kwamba mama wa bibi harusi bado anakufa sura ya pili, na sura ya saba bado anamfunga mwanawe vifungo vya gauni, kosa lilelile alilomwonyesha mkunga kwa mkono wake miaka tisa nyuma, maana yake ni kwamba pale chini hakuna hata mtu mmoja aliyekisoma. Na hapo mwanamke aliyesema hapana tangu akiwa na miezi kumi, kwa mara ya kwanza, hakuisema. Alimpikia mgeni chai, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akafunga mlango. Alimwambia mdogo wake baadaye kwamba waliomwibia saini ni wao, lakini siku ile aliyeithibitisha ni yeye, na familia inakiri mbele yenu kwamba aibu hiyo ilimla kuliko maradhi ya figo yaliyokuja baadaye.

Alikwenda ofisini. Aliketi kwenye kiti cha wageni, chini ya bango la kioo, katikati ya watu waliokuwa wakingoja kulipia, akangoja saa mbili, na alipoingia alidai vitu viwili tu, madaftari yake na saini yake. Bosi Mdogo alimjibu kwa adabu, na maneno yenyewe familia inayarudia kama yalivyo, kwa kuwa msemaji yupo na atakanusha akitaka.

"Mama, wewe uliwavunja moyo miaka thelathini, sisi tunawafurahisha, sasa hapo mbaya ni nani? Na saini hatukukuibia, uliitoa mwenyewe, mara tatu."

Lililomuumiza ni kwamba hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Basi alipiga moyo konde, akaanza kazi ambayo ndiyo imewakusanya wengi wenu hapa. Tarishi wa siku nyingi wa kampuni, ambaye alijua ufunguo wa kabati unakaa wapi, aliyapiga picha madaftari yote matatu kwa simu yake, ukurasa kwa ukurasa, muda wa chakula cha mchana, na kuanzia tarehe 4 Januari 2016 marehemu aliketi kila asubuhi kwenye meza ya jikoni, akaanza kuwaandikia watu mia sita na kumi na mmoja ambao anwani zao bado zilifaa, mmoja mmoja, kwa mkono, kwamba barua ya pili sikuiandika mimi, niliyoiandika mimi ni ile ya kwanza, na bado ninaamini kila neno lililomo. Mnaelewa ugumu wake. Alilazimika kuwaambia hapana mara ya pili, watu ambao baadhi yao walikwisha kuuza walichokuwa nacho, na hakuweza kuwaomba radhi kwa kuwaambia uongo mwingine. Majibu yalikuja, na hayakuwa matamu. Mmoja alimrudishia barua vipande vipande, mwingine alimwita mchawi wa furaha za watu, na mkunga, ambaye barua yake marehemu aliipeleka mwenyewe kwa miguu na kuipitisha chini ya mlango, hakujibu kitu kwa miaka mitatu.

Tarehe 8 Agosti 2018 marehemu aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaanza kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, katika chumba chenye viti vinane vya bluu na dirisha linalotazama tangi la maji, na aliendelea kuandika barua zake kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umefungwa kwenye mashine. Alhamisi moja ya mwezi Februari mwaka huu mlango wa chumba hicho ulifunguliwa akaingia mkunga, hakusalimia, akavuta kiti, akatoa rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akauliza jambo moja tu.

"Sasa huyu mama wa bibi harusi, nimfufue au nimwache?"

Marehemu aliiweka kando barua aliyokuwa akiiandika. "Mwache afe," alisema, "lakini usimuue kwa mstari mmoja, mkunga mzima wewe, unajua watu wanavyochukua muda."

Kuanzia hapo alikuja kila Alhamisi, na walisoma sura moja moja, na wauguzi wanaweza kushuhudia kwamba walikuwa wakigombana mpaka wagonjwa wengine wakachukua upande. Familia ingependa kuwaambia kwamba kitabu kilimalizika. Hakikumalizika. Walikuwa sura ya saba, ile ya vifungo vya gauni, ambavyo sasa bibi harusi anajifunga mwenyewe, mikono nyuma, hafiki, wakati hali ilipobadilika, na Jumatano, tarehe 20 Novemba 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, dada yetu alifariki, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Barua alizozifikisha ni mia nne thelathini na nane. Zilizobaki ni mia moja sabini na tatu, na wamo humu waliouliza kama binti yake au mdogo wake watazimalizia, kwa kuwa maneno ni yaleyale na mwandiko unafanana. Hazitamaliziwa. Hakuna mtu mwenye haki ya kutia saini kwa niaba yake, wala kwa nia njema, na kama yupo kati yenu ambaye hajapata ya kwake, basi aichukulie kuwa ameisikia leo kwa masikio.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa chumba cha viti vinane, ambao walimwita mama na si mgonjwa namba tatu, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliofunga turubai hili jana mvua ikinyesha, inamshukuru tarishi, ambaye alipoteza kazi kwa ajili ya picha zile na hajawahi kulitaja hilo mbele yetu, na inamshukuru mkunga.

Inaishukuru pia kampuni, kwa shada la maua, na kwa barua tuliyoletewa jana, ya tarehe 22 Novemba, ambayo mnaiona mkononi mwa msomaji. Inatupa pole, inatuambia kwamba maisha ya mpendwa wetu yamewagusa sana, na inatushauri tuyachapishe kuwa kitabu cha kumbukumbu katika tawi lao, kwa gharama yetu, pamoja na historia ya marehemu waliyokwisha kutuandalia ili isomwe hapa mahali pa hii, na ndani yake imeandikwa kwamba aliipenda kazi yake na hakuwahi kumkatisha mtu tamaa. Chini ya barua upo muhuri. Hawakukumbuka kuutoa, au hawakujua ni wa nani, kwa maana barua zao zote hugongwa huohuo, na kwa hiyo barua ya kutupa pole kwa kifo cha dada yetu imesainiwa na dada yetu.

Bosi Mdogo yuko safu ya tatu, na familia haimfukuzi, chakula kipo, atakula na wenzake. Lakini anastahili jibu, na kwa kuwa tulilelewa na aliyetufundisha kwamba hapana bila sababu ni tusi, tunamjibu kwa utaratibu wa nyumba hii. Hapana. Sababu yenyewe ni kwamba aliyesaini barua hii alifariki siku mbili kabla ya kuisaini, na alipokuwa hai alikuja kwako, akaketi kwenye kiti cha wageni, akakuomba umrudishie jina lake.

Dada, karatasi ni ndefu mno, najua, ungeikata. Neno hili moja niachie. Weka kalamu chini, upumzike kwa amani.